Kwenda Mwezini kwa Saa za Kariakoo

Duka lilikuwa la kompyuta za mtumba, kwenye kichochoro kinachotokea mtaa wa Msimbazi, katikati ya muuza nyaya za umeme na ngazi za kupandia stoo za watu wa vitenge. Mimi sikuwa mwajiriwa hasa. Niliingia siku moja kumbebea mteja kompyuta hadi kwenye gari, nikarudi kuuliza kwa nini ile iliyowashwa mezani feni yake inakoroma vile. Mwenye duka, akiwa na wateja wengine mbele yake, akaniambia, "Si ufungue uangalie." Nikafungua. Kuanzia hapo nikawa ninakuja kila asubuhi, na hakuna aliyeniuliza nimekuja kufanya nini.

Shule niliacha kidato cha pili. Nimepakia mizigo, nimeuza vocha, nimevuka kwa pantoni Magogoni kwenda kuchanganya zege Kigamboni, nimekaa kwa fundi redio Magomeni. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa kitu kinavyofanya kazi, na nikishaelewa, miguu ilianza kuwasha. Bibi yangu aliyenilea alikuwa akisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ila huyu wangu kamba ameila.

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa Kilimanjaro, mkubwa kwangu kwa miaka mingi kidogo, mwenye sauti ya kusikika hadi kwa watu wa vitenge juu. Mimi nilimwita dada. Muuza nyaya wa jirani, mtu wa pwani mwenye kofia ya kiua na maneno mengi, alimwita Mchaga, naye akamjibu kwa kumwita Mswahili. Waligombana kila siku kabla ya chai, na siku ambayo hawakugombana ujue mmoja wao anaumwa.

Kompyuta za mtumba huja na maisha ya watu ndani yake: picha za harusi, barua za kuomba kazi, michezo. Kazi yangu ilikuwa kuyafuta. Ndani ya moja nilikuta programu ya kuigiza safari za anga. Haikuwa ya kupigana risasi. Unapewa chombo, dunia, mwezi na sayari nyingine, vyote vikienda kama vinavyokwenda kweli, halafu unaachwa peke yako. Hakuna pointi. Nilirusha chombo cha kwanza kikaanguka baharini. Cha pili kikaanguka nchi kavu. Cha tatu kilifika juu, kikaanza kuizunguka dunia, nami nikasimama pale kwenye bisibisi zangu nikasahau kwamba kuna mteja anasubiri.

"Umefuta ile mashine?" dada akauliza.

"Bado, dada. Naijaribu kadi ya picha."

Haikuwa uongo. Mashine ikimudu kuichora dunia ile bila kukwama, inamudu kitu chochote mteja atakachotaka. Baada ya muda dada mwenyewe akawa anawaambia wanunuzi, "Subiri kijana airushe kwanza uone."

Ndani ya chombo, mbele ya rubani, kuna vioo vidogo vya mraba vyenye vitufe pembeni. Kila kioo unakichagulia kifaa: kimoja kinakuonyesha njia yako kuizunguka dunia, kingine urefu wako kutoka chini. Vilivyokuja na programu vinatosha kukupeleka juu. Vya kukufikisha mwezini inabidi uvitafute mtandaoni, vimetengenezwa na watu wa kila nchi, wanavitoa bure. Ukiweka kifaa kizuri cha kuongozea, kinakuambia geuza pua huku, washa injini muda fulani, zima. Nilivipakua vingi, na kila kimoja nilitaka kujua kinajuaje.

Hapo ndipo nilipojifunza kuandika programu. Vingine maandishi yake yalikuwa wazi, unayafungua kama unavyofungua barua. Nilibadilisha neno moja, nikaangalia kilichoharibika. Nikalirudisha, nikabadilisha lingine. Kifaa changu cha kwanza mwenyewe kilikuwa na kitufe kimoja tu: kioo kiliandika MAMBO, ukibonyeza kinaandika POA. Nilikibonyeza asubuhi nzima kwa furaha ya kijinga. Polepole nikaongeza. Hesabu za pembe nilizozikimbia darasani sasa zilinifuata hadi Kariakoo, na safari hii nilizipokea vizuri, kwa kuwa nilijua ninataka zinifanyie nini.

Kifaa changu kikubwa kilikuwa cha kwenda mwezini. Nilichukua cha mtu mwingine, nikakibomoa, nikakijenga upya kwa maneno ya Kiswahili. Kilikuwa kinaonyesha ukiendelea hivi hivi utapita umbali gani kutoka uso wa mwezi, na kama si sawa, ufanye nini. Kilifanya kazi vizuri. Kasoro yake ilionwa na muuza nyaya, aliyekuwa amekuja kuazima koleo.

"Hiyo saa gani hapo?" akauliza, akionyesha kona ya kioo.

"Saa ya anga, mzee. Ni ya kizungu."

"Kwa hiyo mtu wa Kariakoo akienda mwezini asijue saa ngapi? Saa mbili asubuhi wewe unaniandikia nane?"

Nikaona ana haki. Nikaandika saa ya Kiswahili, kumi na mbili mpaka kumi na mbili, mchana na usiku. Kisha nikafika kwenye siku. Bibi alinilea nikijua kwamba jua likizama siku imekwisha na nyingine imeingia; Alhamisi ikishaadhiniwa magharibi, usiku ule ni wa Ijumaa. Nikaandika hivyo. Siku ibadilike saa kumi na mbili jioni.

Dada alipoiona alikataa kabisa. "Siku inabadilika usiku wa manane. Hata benki wanajua."

"Benki ya kwenu Machame hiyo," muuza nyaya akadakia kutoka mlangoni. "Giza limeingia, watu wamekula, wamelala, halafu siku ibadilike wakati hakuna anayeiona? Siku ya wizi hiyo!"

"Wewe Mswahili unataka siku ianze jioni ili ukishaamka mchana useme nusu imeshapita, hakuna haja ya kufanya kazi."

Walicheka wote. Mimi niliiacha kama nilivyoiandika, nikaendelea na mengine.

Miezi ile dada alikuwa akikaa sana. Zamani alikuwa wa kusimama mlangoni siku nzima. Sasa aliagiza kiti, na mkono wake mmoja ulikuwa tumboni mara kwa mara. Hakusema, nami sikuuliza, mpaka aliponiita pembeni akaniambia wamemkuta na uvimbe, utatolewa, atalazwa kama wiki hivi, dada yake atakaa naye. Aliyasema hayo akipangusa vumbi kwenye kibodi ambayo nilikuwa nimeshaipangusa.

"Unaogopa?" nikamuuliza. Swali la mtoto, lakini ndilo lililotoka.

"Naogopa ile dawa ya kulala," akasema. "Kukatwa wakate. Ila kulala halafu usijue kama…" Akaacha hapo. Akageukia kompyuta iliyokuwa kwenye kona, chombo kikizunguka. "Hicho kwenda mwezini na kurudi kinachukua muda gani?"

"Kama wiki. Lakini unaweza kukimbiza saa, ukafika kabla ya chai."

"Na kama hukimbizi?"

"Wiki."

"Basi kiondoke siku nitakayolazwa. Usikimbize saa. Mimi kule wodini sitakimbiziwa saa na mtu." Akanitazama vizuri. "Na nisikute umekiangusha. Nimesema."

Alikuwa anatania, nadhani. Lakini mimi nilimwona alivyonitazama, na kuanzia dakika ile safari haikuwa ya kujaribia kadi ya picha tena.

Jumatano asubuhi alikuja na mfuko wake wa hospitali, kanga mbili na thermos. Teksi ilimsubiri barabarani. Nilikuwa nimeshakiweka chombo tayari, kinaizunguka dunia, kompyuta nimeiunganisha na betri ya UPS kubwa kuliko zote dukani, umeme ukikatika isizimike, nimeandika na kibao USIZIME. Kioo changu kikawa kinahesabu kurudi nyuma. Nilimwonyesha kitufe.

"Sasa?"

"Subiri… sasa."

Akabonyeza. Injini ikawaka, namba zikakimbia, na kioo kikaandika kwamba tutaupita mwezi kwa karibu, upande wa nyuma, na mvuto wake utatugeuza turudi nyumbani. Njia nzuri kuliko zote, kwa sababu hata usipogusa kitu tena, unarudi. Alisimama hadi injini ilipozimika. Kisha akamwambia muuza nyaya, aliyekuja kuaga, "Mswahili, niangalizie duka. Huyu namwachia mwezi tu," akaondoka.

Mchana wote namba ya umbali wa kuupita mwezi haikutikisika. Jioni, nilipokuwa nakusanya meza za nje, nikaingia kuitazama mara ya mwisho kabla ya kufunga. Kioo kiliniambia kwamba tunaukosa mwezi. Si kidogo. Tunaukosa kabisa, kama mtu anayelenga mlango wa duka akatokea Magomeni. Chini yake kilikuwa kimeandika maelekezo: geuza pua, washa injini, muda mrefu.

Nilijiuliza nimekosea wapi. Labda dada alichelewa kidogo kubonyeza. Kadiri unavyosubiri ndivyo marekebisho yanavyozidi kula mafuta, hilo nilikuwa ninalijua, kwa hiyo sikusubiri. Nikageuza, nikawasha. Sikufuata maelekezo yote, mkono ulisita, nikazima katikati, nikisema nyingine nitafanya asubuhi nikiwa nimetulia.

Asubuhi kioo kilikuwa kinasema tunaukosa mwezi upande wa pili.

Nilikaa chini kwenye boksi la monita. Mafuta niliyochoma jioni ndiyo yaliyotupoteza. Kwa hiyo jana kabla ya kugusa tulikuwa sawa? Lakini jioni kioo kilisema… Sikuelewa. Kilichokuwa wazi ni kwamba ndiyo siku ya dada kuingia chumba cha upasuaji, na chombo chake kinaelekea gizani. Nikachoma tena kukirudisha. Njia ikanyooka, namba ikatulia. Mafuta yaliyobaki yalikuwa kidogo kiasi kwamba kipimo chake kilibadilika rangi.

Siku ile nilipiga simu ya dada yake mara nyingi. Haikupatikana. Muuza nyaya alikuwa akija kila saa kujifanya anaazima kitu.

"Hawajapiga?"

"Bado, mzee."

"Hospitali mtandao hamna, kuta zile nene." Anarudi kwake. Baadaye tena, "Hawajapiga?"

Jioni tulifunga mapema, ila mimi sikuondoka. Milango ya chuma ya jirani ikawa inashushwa mmoja baada ya mwingine, kichochoro kikaanza kupata nafasi ya kupitika. Nilikuwa nimekodolea macho kile kioo, namba imetulia vizuri kama mchana kutwa. Muuza nyaya akaingia na kikombe cha kahawa, akaketi. Na mbele ya macho yetu, bila mimi kugusa chochote, namba ikaruka. Tunaukosa mwezi. Geuza pua, washa injini, muda mrefu.

Mkono wangu ukaenda kwenye kibodi wenyewe. Mafuta yaliyokuwepo yangeisha yote, na baada ya hapo chombo kingekuwa jiwe.

"Mbona huku kwako ni Ijumaa tayari?" muuza nyaya akauliza, akipuliza kahawa.

"Kumi na mbili imefika, mzee. Siku imebadilika. Si ndivyo tunavyohesabu?"

"Ndivyo." Akanywa. "Na mwezi nao umeambiwa? Maana mwezi ndio unaotupa sisi tarehe, bwana mdogo. Sijawahi kusikia sisi tukiupa wenyewe." Akacheka peke yake, mzaha wake umemfurahisha.

Mimi sikucheka. Niliondoa mkono kwenye kibodi taratibu, kama mtu aliyeona waya umechubuka. Nikafungua maandishi ya kifaa changu, nikashuka mstari kwa mstari hadi mahali ambapo kinauliza mwezi uko wapi. Ili kuujua mwezi uko wapi, kifaa kinahitaji siku na saa. Saa nilikuwa nimeiacha ileile ya kizungu, inayoanza upya usiku wa manane. Siku nilikuwa nimeichukua kwenye saa yangu ya Kiswahili. Kwa hiyo kila jioni, tangu kumi na mbili mpaka usiku wa manane, kifaa kilichanganya siku ya kesho na saa ya leo, kikaenda kuutafuta mwezi pale utakapokuwa kesho jioni. Usiku wa manane ukipita, siku na saa zinakubaliana tena, na asubuhi kila kitu ni sawa. Mwezi haukai mahali pamoja. Mtu yeyote aliyewahi kuutafuta angani jioni mbili zinazofuatana anajua umesogea kiasi gani.

Nilimweleza. Alinisikiliza, kikombe hewani.

"Kwa hiyo Mchaga alikuwa na haki?"

"Bibi yangu pia ana haki, mzee. Ila kuna mahali pa kuiweka."

"Usimwambie Mchaga."

Nilitenganisha mambo mawili. Saa ya kuonyesha watu ikabaki ya Kiswahili, na siku yake ikaendelea kuanza jioni kama kwa bibi. Ya kuutafutia mwezi nikaipa siku yake yenyewe, ambayo hakuna atakayeiona. Mistari michache tu. Nikahifadhi, nikakifunga kifaa na kukifungua tena. Kioo kikafikiri. Kisha namba ikarudi: tunapita nyuma ya mwezi, karibu, njia ya kurudi nyumbani. Muuza nyaya alikuwa amesimama nyuma yangu. Tulikaa tukiitazama, na haikuruka tena.

Ijumaa, watu wakitoka kuswali, simu yangu ikalia. Ni namba ya dada yake. Niliiangalia kabla ya kupokea.

"Haloo?"

"Kiko wapi?" Sauti ilikuwa nzito na ndogo, lakini ilikuwa ya dada mwenyewe.

Nilimjibu kwa kumuuliza hali. Akasema hali hali gani, yuko kitandani, kiu inamuua, hajaruhusiwa kunywa, kiko wapi? Nikamwambia kiko njiani, kimeshavuka zaidi ya nusu, kiko salama. Kisha nikamwambia na hayo mengine: mafuta, jioni mbili, saa yangu. Muuza nyaya alinifanyia ishara kwa mkono nisifike huko, lakini nilishafika. Halafu nikasikia anacheka, anaguna, anacheka.

"Usinichekeshe wewe, nina nyuzi! Mpe huyo Mswahili simu."

Nikampa. Sikusikia alichoambiwa. Nilimwona tu akivua kofia, akajikuna kichwa, akasema, "Haya. Haya, Mchaga. Usiku wa manane. Haya, umeshinda, lala," na macho yake yalikuwa mekundu.

Nilitoka nje. Kichochoro kilikuwa kimejaa, mtu wa mkokoteni ananipigia kelele nimpishe, na nilimpisha kwa heshima kubwa mno hata akashangaa. Nikala wali maharage kwa mama ntilie wa kwenye kona, sahani nzima, nikaomba na nyingine. Nilikuwa sijatambua kwamba tangu Jumatano nilikuwa nakunywa chai tu.

Chombo kiliupita mwezi Jumamosi, watu wa vitenge wakashuka kuja kuona. Kilipokuwa nyuma yake dunia haikuonekana kabisa, kisha ikachomoza pembeni, ndogo, ya bluu, na mmoja wao akauliza Kariakoo iko upande gani. Mafuta kidogo yaliyobaki niliyatumia mara moja tu, njiani kurudi, kusogeza pembe ya kuingilia hewa ya dunia. Nilihesabu mara nyingi kuliko nilivyowahi kuhesabu kitu chochote. Kisha tanki likawa tupu, na hakukuwa na kitu kingine cha kufanya ila kusubiri.

Siku ya chombo kuingia tena duniani, dada alikuwa ameruhusiwa tangu jana yake. Daktari alimwambia nyumbani moja kwa moja na kulala. Asubuhi ile bajaji ilisimama mdomoni mwa kichochoro, akashuka ameegemea bega la dada yake, anakanyaga polepole kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyopigwa deki. Amekonda. Muuza nyaya alikimbia na kiti, akakiwekea mto, akasema kwa sauti, "Wamekurudisha? Hospitali nao wamekushindwa?"

"Shikilia kiti, Mswahili. Maneno baadaye."

Akaketi mbele ya kompyuta. Nilikuwa nimelenga bahari ya Kigamboni, ili nijivune kwamba tumeangukia nyumbani. Chombo kiliingia kwenye hewa ya dunia, kioo kizima kikawa cha rangi ya moto, namba za joto zikapanda mpaka nikaacha kuzisoma. Dada alishika ukingo wa meza. Hata mteja aliyekuwa amekuja kuulizia chaja alisogea kutazama. Kisha moto ukafifia, mbingu ikawa ya bluu, parachuti ikafunguka, na bahari ikaja juu polepole.

Hakikuangukia Kigamboni. Kilipita juu yetu, kikaivuka bahari yote hiyo, kikaangukia huko mbele, karibu na kisiwa cha Ngazija.

"Ni wapi hapo?" dada akauliza.

"Mbali kidogo. Nimezidisha."

Akasogea karibu na kioo. "Lakini kinaelea?"

Niliangalia namba zote, moja baada ya nyingine, kabla ya kumjibu.

"Kinaelea, dada."

Akapumua, akajiegemeza kwenye mto, mkono mmoja tumboni, akafumba macho. "Basi sawa," akasema. "Hiyo mashine uifute vizuri, kuna mtu wa Mbagala anaitaka. Na mtu aniletee maji ya kunywa."